Tusi likishageuzwa jina, nani ana ruhusa ya kulisema?

Kwenye kazi yangu ya isimujamii, yaani kuchunguza lugha inavyotumika kwenye jamii, swali ninaloulizwa sana ni hili: mbona watu wa kundi fulani wanaitana wao kwa wao tusi walilokuwa wanatukanwa nalo na wanacheka, alafu mimi nikilisema wanakasirika? Na anayeuliza mara nyingi anaona kaonewa kweli. Jibu lipo, na naona lina maana kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Tusi halichomi kwa sababu ya herufi zake. Linachoma kwa sababu ya yaliyokuwa yanatendeka wakati linatamkwa, yaani kupigwa, kufukuzwa kazi, kucheleweshewa haki, na kila likitoka kwenye mdomo wa upande ule ule uliokuwa unatenda hayo linakuja nayo yote. Sasa aliyelengwa akijiita yeye mwenyewe hayo hayapo, amelichukua kabla hajarushiwa, na mtukanaji anabaki hana cha kumtisha nacho.

Jambo hili ni la zamani mno. Mwaka 1566 kule Brussels makabaila walimpelekea Margaret wa Parma, aliyekuwa anatawala Uholanzi kwa niaba ya mfalme wa Uhispania, ombi la kupunguza mateso ya kidini, na inasimuliwa kwamba mshauri wake mmoja akawabeza kuwa ni ombaomba tu. Basi wakajiita hivyo hivyo, Geuzen, wakavaa na vibakuli vya ombaomba kama nembo! Miaka sita baadae waasi wa baharini wenye jina hilo hilo waliuteka mji wa Brielle.

Ila mfano ninaoupenda zaidi ni wa wanawake wa Uingereza waliokuwa wanadai kura. Mwaka 1906 gazeti la Daily Mail liliwabandika jina suffragette, kutoka suffrage, yaani haki ya kupiga kura, likiwa na kile kimwisho cha kudogosha, -ette, ili waonekane vijitu vya kuchekwa. Chama cha kina Emmeline Pankhurst kikalibeba, na mwaka 1912 kikaanzisha gazeti lake linaitwa The Suffragette. Angalia hapo, walikuwa na chama, maandamano, gazeti. Mtu mmoja akijiita tusi chumbani kwake hakibadiliki kitu. Mwanasaikolojia Adam Galinsky na wenzake walichapisha majaribio mwaka 2013 wakakuta watu wako tayari zaidi kujiita jina la dharau pale wanapohisi kundi lao lina nguvu, na anayejiita mwenyewe anaonekana ana nguvu kuliko anayeitwa na mwingine.

Sasa tuje kwenye pagumu. Kundi halina mdomo mmoja. Mwaka 2011 polisi mmoja wa Toronto aliwaambia wanafunzi kwamba wanawake waache kuvaa kama malaya ili wasidhuriwe, wanawake wakaingia barabarani kwa hasira na wakaita maandamano yao SlutWalk, yaani matembezi ya malaya, yakasambaa nchi nyingi. Mimi hasira ile naielewa kabisa. Lakini mwaka huo huo wanawake weusi wa Marekani wakaandika barua ya wazi kwamba wao hawawezi kujiita hilo jina, kwa sababu tangu enzi za utumwa miili yao ilichukuliwa kuwa ni ya kutumiwa tu na yeyote, na neno hilo kwao halina upande wa kuchezea. Walikuwa sahihi kulisema hilo, na waandaaji walitakiwa kuwasikia mapema zaidi. Hata queer, neno la Kiingereza lililokuwa tusi kwa mashoga na wasagaji, ni hivyo hivyo, vijana wa New York walilibeba kwa sauti kubwa mwaka 1990 lakini wazee wengi waliolisikia huku wakipigwa hawalitaki mpaka leo, na hakuna wa kuwalazimisha.

Kuna watu wakisikia hivyo wanarukia kusema, si mnaona hata wenyewe hawaelewani, kwa hiyo kila mtu aseme atakavyo. Hapana jamani. Wote wanaobishana hapo neno hilo limewahi kuwaumiza, ndo maana ubishi ni wa kwao, na aliye nje anachoweza kufanya ni kumwita mtu kwa jina alilolitaja mwenyewe.