Kompyuta Inapozimika Ghafla, Soma Kwanza Kumbukumbu Zake

Mtumishi anapofika kwenye kitengo chetu cha TEHAMA hapa Dar es Salaam akilalamika kwamba kompyuta yake inazimika yenyewe, mara nyingi anakuwa ameshaamua kuwa tatizo ni umeme, na pengine fundi ameshamshauri anunue pawasaplai (kifaa cha ndani kinachogawa umeme kwenye kompyuta) mpya. Tunamwomba asubiri, kwani Windows huandika kumbukumbu za matukio, na hizo zisomwe kabla ya kufungua skrubu hata moja.

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika eventvwr.msc, kisha fungua Windows Logs na ndani yake System. Kila tukio lina namba yake (Event ID). Namba 1074 inaonyesha kuwa mtu au programu iliagiza kompyuta izime au iwake upya, na hutaja ni nani. Mara nyingine huwa ni masasisho tu. Namba 6008 inaeleza kuwa kuzimika kulikotangulia hakukutarajiwa.

Namba inayopotosha watu ni 41, ya Kernel-Power (sehemu ya Windows inayoshughulikia umeme). Wakiiona hudhani wameshapata chanzo, kumbe inasema tu kwamba kompyuta imewaka bila kuwa imezimwa kwa utaratibu. Huandikwa baada ya kuwaka, kwa sababu mashine iliyokatikiwa umeme haipati nafasi ya kuandika chochote. Tazama BugcheckCode katika maelezo yake: kama si sifuri, Windows yenyewe ilipata hitilafu; ikiwa ni sifuri, chunguza umeme, pawasaplai, joto, kuganda kwa kompyuta, au mtu aliyeshikilia kitufe cha kuzimia.

Saa nazo zisomwe kwa makini. Mhasibu mmoja alituambia kompyuta yake huzimika saa nne asubuhi, lakini alipotafuta 4:00 kwenye kumbukumbu hakuona kitu. Tulipotazama 10:00 tukakuta matukio ya namba 41 kwa siku tatu mfululizo: 10:12, 10:09 na 10:15, yote yakiwa na sifuri. Ni muda wa chai. Birika la umeme lilikuwa limechomekwa kwenye UPS (kifaa cha betri kinachoipa kompyuta umeme unapokatika) ileile ya kompyuta, nayo ilizidiwa na kukata.

Ikiwa fundi anataka kuweka Windows upya, hifadhi kwanza kumbukumbu hizo kwenye flashi, kwa kuwa diski ikishafutwa hakuna atakayeweza kujua kilichotokea.