Wavulkani: miili yao, umri wao, na yale wanayosingiziwa

Katika viumbe vyote vya kubuni vyenye umbo la binadamu, Wavulkani wa Star Trek, tamthilia ya televisheni ya safari za anga, ndio wanaozungumzwa sana na kueleweka kidogo. Tangu tamthilia hiyo ianze kuonyeshwa Marekani tarehe 8 Septemba 1966, watu wamemtazama Spock, afisa wa Kivulkani katika chombo cha anga cha Kapteni Kirk, wakachukua kila alilonalo na kulifanya maumbile ya kabila zima. Lakini Spock ni chotara. Baba yake, Sarek, ni Mvulkani. Mama yake, Amanda, ni mwanadamu wa hapa hapa duniani. Isitoshe, mengi tunayodhani alizaliwa nayo ni mambo aliyofunzwa tangu utotoni. Ukishatenganisha maumbile na malezi, karibu kila dhana potofu kuhusu Wavulkani inaanguka yenyewe.

Wanasema: Wavulkani hawana hisia

Hii ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu inawaondolea Wavulkani kitu chao cha thamani kuliko vyote. Ukweli ni kwamba hisia zao ni kali kuliko zetu. Zamani walikuwa watu wa vita na visasi, nusura wamalizane, mpaka mwanafalsafa wao Surak alipowafundisha kuishi kwa mantiki. Utulivu wao ni kazi ya kila siku.

Ushahidi wa kwanza ni Waromula. Hao ni ndugu zao wa damu, wazao wa wale waliokataa njia ya Surak wakahamia sayari nyingine. Wana masikio yale yale na nyusi zile zile, lakini hukasirika, hujivuna na kuhuzunika hadharani. Mwigizaji Mark Lenard alicheza kamanda wa Kiromula mwaka 1966, na mwaka uliofuata akarudi kama Sarek, baba yake Spock. Sura ni moja, malezi mawili.

Ushahidi wa pili ni uzee. Kuna maradhi yaitwayo Bendii yanayowapata baadhi ya Wavulkani waliovuka miaka 200, na kinachoharibika ni ule uwezo wa kujizuia. Katika sehemu moja ya mwaka 1990, Sarek akiwa na miaka 202 anakaa kusikiliza muziki wa nyuzi ndani ya chombo cha anga cha Kapteni Picard, nahodha wa tamthilia ya baadaye ya Star Trek. Uso wake haujikunji, mkao wake ni wa balozi, ila chozi linamtoka na kuteremka shavuni. Kwa kuwa akili za Wavulkani zinaweza kugusa akili za wengine, hasira yake iliyokosa breki inawamwagikia mabaharia, nao wanaanza kugombana bila kujua sababu. Asiye na hisia angemwaga nini?

Wanasema: hukutana kimwili mara moja tu kila miaka saba

Mambo haya yalitoka kwenye sehemu iitwayo "Amok Time", iliyoandikwa na Theodore Sturgeon na kuonyeshwa tarehe 15 Septemba 1967. Muuguzi Chapel anampelekea Spock supu chumbani, Spock anairusha nje, bakuli na vyote, ikagonga ukuta wa ukumbi. Baadaye anamweleza Kapteni Kirk, kwa aibu kubwa, habari ya pon farr: wakati ukifika mwili wa Mvulkani humlazimisha arudi kwao kuoa, jinsi samaki aina ya salmoni anavyorudi kutaga kwenye mto alikozaliwa. Daktari McCoy anapima na kuona homoni zinazopanda mfululizo. Bila ya kutulizwa, Spock atakufa ndani ya siku nane hivi.

Basi watazamaji wakahitimisha kwamba nje ya wakati huo hakuna tendo la ndoa. Sivyo. Miaka saba ni mzunguko wa kulazimishwa, haimaanishi kwamba ndiyo ruhusa pekee. D. C. Fontana, mwandishi aliyemjenga Spock na wazazi wake kuliko wengi, alilieleza hilo waziwazi: Wavulkani hukutana watakapo. T'Pol, mwanamke wa Kivulkani, alilala na mwanadamu katika sehemu ya mwaka 2004 bila ya pon farr yoyote. Na mwaka mmoja kabla, kijidudu kilimsababishia T'Pol huyo huyo pon farr isiyo ya wakati wake, kwa hiyo hata ile imani kwamba ni jambo la wanaume peke yao haisimami.

Kinachochanganya pia ni kwamba kuna saba mbili. Watoto hufungishwa uchumba wakiwa na umri wa miaka saba, kwa kuunganishwa akili. Spock na mchumba wake T'Pring walifanyiwa hivyo. Ule mzunguko wa miaka saba ni habari ya watu wazima. Wala si kweli kwamba tiba ni ndoa tu. Homa ya Spock ilikatika baada ya pambano, pale alipoamini kwamba amemuua rafiki yake Kirk.

Na anayeshikilia kwamba pon farr ni mila tu aitazame filamu ya Star Trek ya 1984. Spock amekwisha kufa, mwili wake unazaliwa upya na kukua upesi, huku roho yake, katra, ikiwa imehifadhiwa kichwani mwa McCoy. Mwili ule mtupu, usiokumbuka hata jina lake, unaingia pon farr vilevile.

Wanasema: damu yao ni ya kijani kwa sababu ya shaba

Hapa kuna nusu ya ukweli. Ndani ya hadithi, damu ya Wavulkani hubeba oksijeni kwa shaba, si kwa chuma kama yetu. Lakini katika maumbile halisi, shaba haileti kijani. Pweza na kaa wana damu ya shaba, yenye protini iitwayo hemosianini, nayo ikishika oksijeni huwa ya buluu. Kijani hupatikana kwingine. Baadhi ya minyoo wa baharini wana protini ya damu iitwayo klorokruorini, ambayo ni ya kijani na imejengwa kwa chuma. Mijusi wa jenasi Prasinohaema wa Guinea Mpya nao wana damu ya kijani, kutokana na biliverdini, rangi ya nyongo.

Wanasema: Vulcan, sayari yao, ni kama dunia yenye joto kidogo

Ni kali kuliko hivyo: joto, hewa nyepesi, mvutano mkubwa, mwanga wa kuunguza. Ndiyo maana wana nguvu kutuzidi, na wana kope ya ndani iliyomwokoa Spock na upofu mwaka 1967. Moyo wake uko pale ambapo sisi tuna ini, na McCoy aliwahi kuhesabu mapigo 242 kwa dakika. Mwezi hakuna, Spock mwenyewe alimwambia hivyo Uhura, afisa mwenzake wa mawasiliano, katika sehemu ya kwanza kuonyeshwa, ile ile ambayo Uhura anasalimiwa kwa Kiswahili.

Wanasema: Mvulkani halisi ni mweupe kama Spock

Tuvok wa tamthilia ya Star Trek: Voyager, aliyechezwa na Tim Russ kuanzia 1995 hadi 2001, ni mweusi na ni Mvulkani wa baba na mama. Ana mke, T'Pel, na watoto wanne, na pon farr yake ilimkuta mbali mno na nyumbani. Spock, kinyume chake, alipotakiwa kumpa baba yake damu mwaka 1967, wote wawili wakiwa kundi la T hasi, ilibidi kwanza damu yake ichujwe kutoa chembe za kibinadamu.