Kabla Hujakisugua: Vitu vya Kale vya Urembo na Mnada wa Mtandaoni

Bibi mmoja wa Mufindi alifika kwenye makumbusho yetu hapa Iringa na kitu amekifunga kwenye pindo la kanga. "Kamwene, mwanangu. Mjukuu wangu anasema hiki kinauzwa kwenye simu." Akafungua fundo taratibu. Kilikuwa kikopo cha poda cha duara, kinatosha kwenye kiganja, ndani kimeandikwa Stratton, jina la kiwanda cha Birmingham, Uingereza. Mama yake alikuwa yaya kwa meneja wa shamba la chai, akaachiwa siku familia ile ilipoondoka. Kioo kizima, kitambaa cha kupakia poda kipo, hata harufu bado imo. Lakini mjukuu alikuwa ameshakipitia na stili waya ili king'ae. Nakshi za mfuniko, ile mistari myembamba inayosambaa kama maji yaliyotupiwa jiwe, zilikuwa zimefutika nusu.

Niliumia. Wanaokusanya vitu hivi hulipia nakshi, rangi ya asili, kioo cha mwanzo na boksi lake kama lipo. Futa vumbi kwa kitambaa laini kikavu, basi. Poda iliyobaki usijipake. Hujui waliichanganya na nini.

Nyanda za juu kusini zina vitu hivi kuliko tunavyodhani. Dhahabu ya Lupa, Chunya, ilileta wageni wengi miaka ya 1930. Mashamba ya chai na misheni yakaleta wengine. Walipoondoka, vioo vya mkono, brashi za nywele na chupa za manukato zilibaki kwa waliowafanyia kazi. Vingine huja ndani ya mikoba ya mitumba. Ukipita soko la Mwanjelwa, Mbeya, au Mashine Tatu hapa Iringa, fungua mfuko wa ndani wa mkoba kabla hujaurudisha.

Kitu cha madini ya fedha kilichotengenezwa Uingereza huwa na mihuri midogo: simba anayetembea ndiye shahidi wa fedha halisi, yaani sehemu 925 kwa 1,000. Nanga ni alama ya Birmingham, kichwa cha chui ni London. Ukikuta herufi EPNS, hiyo ni fedha ya kupakwa juu tu. Iseme hivyo hivyo kwenye tangazo.

Sasa hapa naomba tuelewane vizuri. Brashi au kioo chenye mpini mweupe wenye umanjano kinaweza kuwa pembe ya ndovu. Chanuo la kahawia lenye madoa linaweza kuwa gamba la ng'amba, aina ya kasa wa baharini. Kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, kumiliki nyara, yaani sehemu ya mnyamapori kama pembe, bila kibali ni kosa, hata kama ulirithi. eBay, soko la mnada la mtandaoni, haipokei pembe tangu mwaka 2009, na Uingereza sheria yake ya pembe ilianza kutumika Juni 2022. Tazama ncha ya mpini kwa lenzi: pembe huonyesha mistari inayokatana kama wavu, lakini seluloidi, plastiki ya zamani iliyoiga pembe, huwa na mistari iliyonyooka sambamba. Usijaribu kwa sindano ya moto, kwa sababu seluloidi hulipuka moto ghafla. Ukiwa na shaka, usikiweke mtandaoni. Muone kwanza afisa wanyamapori wa wilaya. Na kitu kilichotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863 kinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Hakitoki nchini bila kibali.

Kwenye mnada wenyewe, mnunuzi huandika dau lake la juu kabisa, na mfumo humpandishia kidogo kidogo kila anapopata mshindani. Kwa hiyo amua kikomo chako ukiwa umetulia, uandike, uache. Wengi hurusha dau sekunde za mwisho. Kwa muuzaji, saa ya kufunga ina maana: saa 4 usiku kwetu ni saa 1 jioni London wakati wa baridi, watu wamerudi nyumbani kutoka kazini. Usisahau nauli ya posta na ushuru. Kikopo cha bei ndogo kinaweza kumezwa na gharama hizo.

Mtu akikwambia mmalizane pembeni kwa kutumiana pesa kwenye simu, kataa. Akidai amekutumia zaidi kimakosa na anataka umrudishie chenji, angalia salio lako mwenyewe, usiamini ujumbe. Chupa yenye manukato ndani usiitume kwa ndege kienyeji, kwani manukato yanashika moto.

Kikopo cha bibi tulikipiga picha nane, mbili za ule mkwaruzo kwa karibu. Maelezo aliyaandika mjukuu mwenyewe, na neno lake la kwanza lilikuwa "kimekwaruzwa".