Je, wajua? Kwa nini upepo wa Turkana hupata nguvu usiku

Sehemu nyingi za bara, upepo huamka jua likishapanda na kutulia jua likizama. Kusini mashariki mwa Ziwa Turkana, katika Kaunti ya Marsabit, mambo ni kinyume. Upepo huanza kukaza giza likishaingia, hushika kasi kubwa usiku wa manane hadi alfajiri, kisha hulegea mchana. Na karibu mwaka mzima hutoka upande uleule, kusini mashariki. Hapo ndipo uliposimama mradi wa Lake Turkana Wind Power: mitambo 365 ya kilowati 850 kila mmoja, jumla megawati 310, ambayo umeme wake husafiri zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa kuingia gridi ya taifa.

Sababu ya kwanza ni umbo la nchi. Kaskazini mashariki kuna nyanda za juu za Ethiopia, kusini magharibi kuna nyanda za juu za Kenya, na katikati pana bonde refu la takribani kilomita 700 linaloelekea Sudan Kusini. Hewa inayotoka Bahari ya Hindi haina njia nyingine rahisi ya kupita, kwa hiyo inajibana humo na kuongeza kasi. Mtaalamu wa hali ya hewa Mkenya, Joseph Kinuthia, ndiye aliyeupima mkondo huu kwa maputo katika miaka ya 1980 na kuonyesha kwamba kasi yake kubwa haiko juu sana angani bali karibu na ardhi.

Lakini bonde lipo mchana na usiku, kwa nini basi upepo ubadilike? Hapa ndipo pa kutazama joto. Mchana ardhi ya jangwa huchemka, hewa ya chini hupanda na ya juu hushuka, na mchanganyiko huo husambaza mwendo wa upepo katika tabaka nene huku msuguano wa ardhi ukiupunguza. Jua likizama, ardhi hupoa haraka. Hewa baridi na nzito hutulia chini, nayo hewa ya joto zaidi hukaa juu yake kama kifuniko cha sufuria. Upepo hauwezi tena kutawanyika kwenda juu, kwa hiyo hupita ndani ya nafasi nyembamba zaidi, na msuguano wa ardhi haufiki tena hadi kwenye kiini cha mkondo. Ziwa nalo huchangia: mchana pwani ya mashariki hupata upepo mwanana kutoka ziwani unaopingana na ule mkuu, usiku hewa ya nchi kavu hushuka kuelekea majini na kuuongezea nguvu.

Vitabu vingi huueleza upepo wa usiku kwa namna nyingine, vikichukua mfano wa nyanda za kati za Marekani. Huko, msuguano ukikatika jioni, mzunguko wa dunia huuzungusha upepo katika duara la takribani saa 20, na kasi huongezeka kabla ya mapambazuko. Ukilikokotoa duara hilo kwa Turkana, iliyo chini ya nyuzi 3 kutoka ikweta, unapata zaidi ya siku 9. Usiku mmoja hautoshi kabisa. Mtabiri anayehamisha maelezo hayo ya Marekani kuja Loiyangalani, mji ulio kando ya Ziwa Turkana, atakosea tangu mwanzo.

Kosa hilo lina gharama, maana nishati ya upepo hufuata kasi mara kasi mara kasi. Upepo ukitoka mita 7 kwa sekunde kufika 8, nishati iliyomo huongezeka karibu nusu nzima (343 dhidi ya 512). Hata hivyo, si kila saa kosa la mita moja lina uzito sawa. Mtambo wa aina hii huanza kuzalisha kwenye mita 4 kwa sekunde, hufikia kilowati zake zote karibu na mita 15, na hujizima kwenye mita 25 ili usivunjike. Kati ya mita 15 na 25, kosea utakavyo, umeme ni uleule. Balaa liko kati ya mita 5 na 13, na kasi hizo ndizo zinazopitiwa kifuniko kinapojifunga jioni na kinapovunjika asubuhi.

Kimo nacho huwatega wengi. Vituo vya kawaida hupima upepo kwenye mita 10, ilhali kitovu cha mitambo hii kiko mita 44. Kanuni ya mazoea hugawanya kimo cha juu kwa cha chini, hupandisha jibu kwa kipeo cha 0.14, kisha hulizidisha kwa kasi ya chini. Mita 6 kwa sekunde chini inakuwa 7.4 juu. Usiku uliotulia kipeo hicho huweza kufika 0.3, na jibu likawa 9.4. Ukibadilisha kuwa nishati, jibu la pili ni mara mbili ya la kwanza. Na kiini cha mkondo kikishuka hadi usawa wa mapanga, kanuni yote huanguka, kwa sababu kasi huanza kupungua kadiri unavyopanda. Ndiyo maana mlingoti wenye anemomita (vipima kasi ya upepo) kwenye vimo vitatu au vinne, au kifaa cha leza kinachopima upepo kutoka chini, si anasa. Kila kimo kiwekewe anemomita mbili, pande mbili za mlingoti, maana ile iliyo kwenye kivuli cha mlingoti husoma kidogo. Vumbi likiingia kwenye beringi pia hupunguza usomaji, polepole kiasi cha kutogunduliwa.

Utabiri wenyewe hupangwa kwa masafa ya muda. Kwa saa moja hadi tatu zijazo, takwimu za mitambo yenyewe hushinda modeli yoyote, yaani programu ya kompyuta inayokokotoa hali ya hewa. Kuanzia saa sita hadi siku mbili, modeli za hesabu ndizo zinazotegemewa, ila zile za dunia nzima huigawanya ramani katika miraba ya kilomita 10 hadi 30. Kwenye mraba wa namna hiyo Mlima Kulal ulio karibu na ziwa, wenye zaidi ya mita 2,200, hulainishwa ukawa kilima. Vipimo vya maputo vilivyofanyika Marsabit Machi na Aprili 2021 vilionyesha kwamba data za namna hiyo huupunguza mkondo huu kuliko ulivyo. Dawa ni kuendesha modeli ya miraba ya kilomita 1 hadi 3 juu ya eneo hilo, kisha kuisahihisha kwa vipimo vya mlingoti, saa kwa saa. Sahihisho moja la siku nzima huharibu zaidi ya linavyotengeneza: linaongeza upepo mchana pasipohitajika, na usiku utabiri bado unabaki pungufu.

Kabla ya kugeuza kasi kuwa megawati, rekebisha uzito wa hewa. Penye mita 700 juu ya bahari na joto la nyuzi 30, mita moja ya ujazo ina takribani kilo 1.07, si 1.225 ya vipimo vya kiwandani. Ondoa pia mitambo iliyo kwenye matengenezo, na hasara ya safu ya nyuma kupokea upepo uliokwisha kuvurugwa na safu ya mbele. Usiku hewa ikiwa imetulia, mvurugiko huo husafiri mbali zaidi.

Kosa linalobaki baada ya hayo yote kwa kawaida ni la muda. Modeli inaona upepo utapanda, lakini inachelewa saa mbili. Wastani wa siku hauonyeshi kitu, ila mwongozaji wa gridi anaona, kwa kuwa matumizi ya umeme Kenya hufikia kilele kati ya saa moja na saa tatu usiku, na ndipo anapoamua mtambo upi wa mafuta uwashwe.