Tumbo la kitoto cha mbwa lisikudanganye

Kitoto cha mbwa cha wiki sita kinaletwa kliniki, tumbo limejaa kama ngoma huku mbavu zinahesabika, na mwenyewe ananiambia, "Huyu, daktari, kula anakula, we ona alivyoshiba." Hapo huwa nabonyeza tumbo taratibu na kupapasa manyoya, ambayo yamekauka hayana mng'ao. Akipewa dawa, kesho yake atatoa minyoo mieupe iliyojikunja kama tambi. Hiyo ni minyoo ya duara, na wala hakuiokota uani. Aliingiwa nayo akiwa bado tumboni mwa mama yake, mingine akainyonya kwenye maziwa. Ndiyo maana dozi ya kwanza hutolewa akiwa na wiki 2, inarudiwa kila wiki 2 hadi afikishe 12, na mama anayenyonyesha naye anapewa. Mbwa mkubwa, kila miezi 3.

Ninayoiogopa zaidi kwa vitoto ni minyoo ya safura. Ni midogo, huioni kwenye kinyesi, ila inang'ata utumbo na kufyonza damu. Mpandishe mbwa mdomo wa juu utazame fizi: zikiwa nyeupe kama karatasi, na kinyesi ni cheusi kinanata kama lami, mlete siku hiyo hiyo.

Tegu ndiye watu humtambua upesi, kwa vile vipande vyake huganda mkiani na mahali mbwa anapolala, mfano wa punje za mchele. Vikiwa vibichi vinajongea. Mbwa humpata kwa kumeza kiroboto anapojing'ata, kwa hiyo ukitoa dawa ukaacha viroboto, baada ya wiki chache mtarudi pale pale. Halafu si kila dawa ya minyoo inamuua. Ulizia yenye prazikwanteli.

Yupo tegu mwingine, mdogo wa milimita chache, ambaye mbwa humbeba bila dalili yoyote. Humpata kwa kula mapafu na maini mabichi yenye malengelenge ya maji, yale tunayomtupia tukishachinja mbuzi au kondoo nyumbani. Mtu akimeza mayai yanayotoka kwa mbwa huyo, malengelenge kama hayo humwota ini au mapafu, yakakua miaka kabla hajajua. Kule Turkana, Kenya, ugonjwa huu unajulikana kwa muda mrefu. Viungo vya namna hiyo vichome moto, au vizike chini sana mbwa asipofukua.

Kuhusu dozi, tafadhali, chupa ya dawa ya mbuzi iacheni kwa mbuzi. Kipimo hufuata uzito: panda mzani umembeba mbwa, kisha panda peke yako, utoe.

Kinyesi zoa kila siku. Mayai ya minyoo ya duara huchukua wiki 2 au zaidi ardhini kabla ya kuweza kuambukiza, lakini yakishakomaa hukaa udongoni miaka, na watoto wanaochezea hapo ndio huyameza.

Ukija kliniki, beba kinyesi cha asubuhi hiyo kwenye kopo lenye kifuniko, kijiko kimoja cha chai kinatosha. Zile punje za tegu zipige picha kwa simu, maana mayai yake mara nyingi hatuyapati kwenye darubini.