Jiko kapu ni nini, na maharage yanaivaje bila moto

Tuanze na chupa ya chai. Unamimina chai saa moja asubuhi, mgeni anaingia saa tano unampa chai ya moto, na hakuna anayeuliza moto uko wapi maana wote tunajua chupa haichemshi kitu, inazuia tu joto lisitoke. Jiko kapu ndo hivyohivyo, ila humu unaweka sufuria nzima ya maharage, na kwa kuwa joto limebaki ndani basi maharage yanaendelea kuiva yenyewe huku wewe uko sokoni au shambani.

Yani ni kapu, au boksi, au ndoo kubwa, limejazwa kitu kinachozuia joto. Unachemsha chakula kwenye jiko lako la kawaida kwa muda mfupi, unaipua na sufuria yake ikiwa imefunikwa, unaizika humo unaifunika na mto juu, basi. Wengine wanaliita jiko lisilo na moto. Hilo neno jiko linachanganya watu, kwasababu kapu lenyewe halitoi joto hata kidogo, ukiweka chakula cha baridi utakikuta cha baridi.

Sasa kwanini kinaiva? Hapa ndo penye siri na naomba tuelewane vizuri. Kinachoivisha maharage ni kukaa kwenye joto kali kwa muda mrefu, na sufuria ikishachemka haiwezi kupanda tena, maji ni nyuzi 100 tu hata uchochee vipi. Kwahiyo ule mkaa wote unaoongeza baada ya hapo unafanya kazi mbili, kufidia joto linalotoroka pembeni mwa sufuria na kugeuza maji kuwa mvuke. Na mvuke ni mlaji mkubwa sana wa nishati jamani. Lita moja ya maji yenye nyuzi 25 ukiipeleka mpaka ichemke inataka kama kilojuli 315, lakini lita hiyohiyo ikishachemka ukiiacha ikauke yote inakula karibu kilojuli 2,260, yani zaidi ya mara saba! Ule mug wa nusu lita unaoongeza kila maharage yakikaukia, maana yake maji yaliyopotea hapo yameondoka na nishati ambayo ingechemsha lita tatu na nusu za maji mapya. Na kwenye maharage tunaongeza mara ngapi? Mimi nilipopiga hesabu hiyo niliumia, maana ule mkaa nilikuwa nanunua kwa hela yangu halafu naupeleka hewani.

Mtu atasema sawa lakini kapuni joto linashuka, haliwezi kubaki mia. Kweli linashuka, polepole. Ila angalia Nairobi, mji uko juu karibu mita 1,800 na huko maji yanachemka kwenye nyuzi kama 94 tu, mia hawaifikii kabisa, na githeri, yani makande ya kwao, inaiva kila siku. Inachukua muda zaidi lakini inaiva. Ndani ya kapu ni hivyohivyo, unalipa kwa muda badala ya kulipa kwa mkaa.

Na wala sio kitu kipya. Mwaka 1867 jiko la namna hii kutoka Norwei lilioneshwa kwenye maonyesho makubwa ya Paris, na Waingereza wakati wa vita ya pili ya dunia walihimizwa kutumia maboksi ya nyasi kavu ili kubana matumizi ya nishati.

Kulitengeneza hakuna ufundi. Langu ni kapu la ukindu, pana kuliko sufuria kwa kama vidole vinne hadi sita kila upande, ndani nimeweka maranda ya kwa fundi seremala niliyoyashonea kwenye kitenge cha zamani. Sufi ni nzuri zaidi kama unaipata, blanketi kuukuu, vipande vya godoro, hata majani makavu ya mgomba yanafaa, cha msingi kiwe kikavu kabisa na kiwe kinafuga hewa, kikilowa kimekufa. Mto wa juu ufanye mnene kuliko vyote maana joto linakimbilia juu. Na kabla hujaweka sufuria futa kitako chake uangalie hakuna kaa limeganda, maranda yanashika moto.

Maharage nayafanya hivi. Nayaloweka usiku, asubuhi namwaga yale maji naweka mengine yapite juu ya maharage kidogo tu, nayachemsha kwa nguvu dakika 20 hadi 30, sufuria iwe imefunikwa. Kama ni saa moja na nusu naipua, saa sita nafungua. Mfuniko unakuwa bado unaunguza vidole, mvuke unakupiga usoni, na ukiminya punje moja kati ya vidole inapondeka. Yakiwa bado magumu unayachemsha tena dakika kumi unarudisha. Wali ni rahisi zaidi, uchemke dakika tano halafu uukalishe kapuni saa moja, ila punguza maji maana hakuna mvuke unaotoka, ukiweka kama ulivyozoea utapata bokoboko.

Hapo kwenye kuchemsha usifupishe. Maharage mekundu mabichi yana sumu ambayo inaharibiwa na kuchemka kwelikweli, angalau dakika kumi za kutokota, ukiyapeleka kapuni yakiwa ya moto tu bila kuchemka utaumwa tumbo. Na chakula kisilale humo mchana kutwa, ukifungua ukakuta ni vuguvugu kichemshe upya kabla ya kula. Sufuria nayo iwe imejaa angalau theluthi mbili, mara yangu ya kwanza nilipika robo kilo kwenye sufuria kubwa, ikapoa kabla ya saa tatu kuisha na maharage yakabaki mawe. Halafu usifunguefungue kuchungulia.

Ugali hauwezi, chapati hauwezi, chochote cha kukaanga hauwezi.

Ninachokipendea zaidi ni hiki. Tanzania ina mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034, lengo ni asilimia 80 ya wananchi wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034, na mitungi ya kilo 6 imeingia nyumba nyingi. Lakini ingia jikoni kwa mama mwenye mtungi utakuta na jiko la mkaa pembeni, muulize la nini atakwambia la maharage na makande, gesi itaisha. Ana haki kabisa, saa tatu za gesi kwa sufuria moja nani ataziweza. Ila nusu saa ya gesi halafu kapu, hapo anaweza, na lile jiko la mkaa linakosa kazi ndani ya nyumba.

Usiku kapu likiwa halina chakula mimi natia sufuria ya maji yaliyochemka, nafunika, nalala. Saa kumi na moja alfajiri mtoto anaoga maji ya moto kabla sijawasha kitu.