Bei ya kahawa haipangwi Dodoma, lakini makato yake yanapangwa karibu na nyumbani

Kila msimu wa mavuno unapokaribia hapa Mbozi, swali moja hurudi kwa sauti za watu tofauti, na safari hii limerudi mara nyingi kiasi kwamba nimeona afadhali nilijibu kwa maandishi: kwa nini vyama vya wakulima haviendi Dodoma kumwona waziri ili apandishe bei ya kahawa? Wanaouliza ni watu ninaowaheshimu, wakiwemo wenyeviti wa AMCOS, yaani vyama vya msingi vya ushirika vinavyokusanya na kuuza mazao ya wakulima, na nyuma ya swali lao ipo imani kwamba utetezi wa sera ni safari, yaani ujumbe hupanda basi, risala husomwa, picha hupigwa na bei hupanda. Kazi yangu ya kila siku ni utetezi wa wakulima wa kahawa, na ninasema bila kuzunguka kwamba imani hiyo inatupotezea misimu.

Bei ya arabika, aina ya kahawa tunayolima huku, huanzia kwenye soko la New York, ambako hutajwa kwa senti za Marekani kwa ratili, na wanunuzi katika mnada wa Moshi na minada ya kanda huongeza au kupunguza juu ya bei hiyo kulingana na ubora. Julai 2021 baridi kali iliunguza miti ya kahawa nchini Brazil, bei ikapanda duniani kote, na hakuna risala iliyohusika. Nalipita hilo haraka kwa sababu halina ubishi.

Lenye ubishi, na lenye fedha, ni kile kinachotokea kati ya bei ya mnada na shilingi inayomfikia mkulima. Hapo ndipo chama cha wakulima kina nguvu, lakini nguvu hiyo haifanyi kazi mpaka kijue kanuni inayokiumiza imekaa wapi. Sheria ya Tasnia ya Kahawa ya mwaka 2001 hubadilishwa na Bunge. Kanuni zake husainiwa na waziri. Taratibu za ukusanyaji na uuzaji zinasimamiwa na Bodi ya Kahawa. Ushuru wa mazao hutozwa na halmashauri kupitia sheria ndogo. Na makato ya AMCOS kwa kila kilo, ambayo ndiyo malalamiko ninayoyasikia zaidi, hupitishwa katika makisio ya mapato na matumizi na mkutano mkuu wa wanachama wenyewe. Nimeshasoma barua iliyoelekezwa kwa waziri ikilalamikia makato ambayo mkutano mkuu wa chama hicho hicho ulikuwa umeyapitisha, na waliosaini barua ndio waliokuwa wamenyoosha mikono. Barua ya namna hiyo hainyamaziwi kwa sababu serikali haitujali. Inanyamaziwa kwa sababu aliyeipokea hana la kufanya nayo.

Tuchukue ushuru wa mazao, kwa kuwa huko ndiko ninakoona uzembe mkubwa wa hoja. Mwaka 2017 kiwango chake kwa mazao ya biashara kilipunguzwa kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3, na wengi wakaamini kwamba suala limekwisha. Halijakwisha. Sheria inazungumzia bei ya shambani, na inamtaka mnunuzi ndiye alipe. Maneno hayo yanaeleweka vizuri pale mnunuzi anapofika kijijini na fedha na mizani, lakini kahawa inayopitia ushirika hukusanywa, husafirishwa, hukobolewa, hupangwa madaraja, kisha ndipo huuzwa mnadani. Je, asilimia 3 ihesabiwe juu ya bei ya mnada, au juu ya kinachobaki baada ya kuondoa gharama za kuitoa kahawa shambani hadi hapo?

Nitatumia mfano wa hesabu tu. Kilo ya kahawa safi, yaani iliyokwisha kukobolewa, ikiuzwa shilingi 6,000, ushuru juu ya bei ya mnada ni shilingi 180. Ikiwa usafiri, ukoboaji na magunia vimegharimu shilingi 800 kwa kilo, ushuru juu ya shilingi 5,200 zinazobaki ni shilingi 156. Tofauti ni shilingi 24, na mtu anaweza kuipuuza mpaka aizidishe kwa tani 100 za AMCOS moja na kupata shilingi 2,400,000. Vilevile, kusema kwamba ushuru unalipwa na mnunuzi hakutoshi, kwa sababu mnunuzi anayejua atatozwa hulizingatia hilo kabla ya kutaja dau lake, na kwa njia hiyo mzigo humrudia mkulima bila kuonekana katika stakabadhi yoyote. Hoja ya namna hii haihitaji basi la kwenda Dodoma. Inahitaji katibu wa AMCOS aliyetunza vitabu vya gharama, diwani aliyeelezwa mapema, na watu waliosoma rasimu ya sheria ndogo kabla haijapita.

Neno mapema nalisisitiza kwa uchungu. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, wakati uvunaji wa kahawa Nyanda za Juu Kusini umekwisha kuanza. Bunge la bajeti huketi kuanzia Aprili hadi Juni, na bajeti za halmashauri hujadiliwa miezi kabla ya hapo. Kwa hiyo mkulima anayeanza kulalamika mwezi Juni, kahawa mbivu ikiwa tayari kwenye CPU, yaani mtambo wa pamoja wa kumenya kahawa, analalamikia uamuzi uliokwisha kufanyika. Vikao vya kudai msimu ujao hufanyika mikahawa ikiwa bado inachanua, wakati ambapo hakuna anayewaza makato.

Yapo mambo ambayo sina uhakika nayo, na sitaki kuyaficha. La kwanza ni hilo punguzo la 2017. Vyama vya wakulima, vyetu vikiwemo, hulitaja kama ushindi wetu. Lakini punguzo lile lilihusu mazao mengi, pamba na korosho zikiwemo, na lilikuja pamoja na kufutwa kwa tozo nyingine nyingi za kilimo. Huenda sauti yetu ilichangia, huenda uamuzi ungefanyika hata tungenyamaza, na sijui njia ya kuaminika ya kutenganisha mambo hayo mawili.

La pili ni agizo la serikali kwamba kuanzia msimu wa 2018/19 kahawa ya wakulima wadogo iuzwe kupitia ushirika. Wapo wakulima waliokuwa wakinyonywa kwa kuuza kahawa ikiwa bado mtini, nao walilipokea kwa furaha. Wapo waliokuwa katika vikundi vyenye wanunuzi wazuri, nao waliona mlango umefungwa mbele yao. Pande zote mbili ni wanachama wa harakati hii moja, na pande zote mbili zilizungumza bila kulinganisha malipo halisi ya msimu na msimu. Mpaka leo nikiulizwa msimamo wa wakulima kuhusu agizo lile, nalazimika kuuliza ni wakulima gani.

La tatu linanisumbua zaidi. Zaidi ya asilimia 90 ya kahawa ya Tanzania hulimwa na wakulima wadogo, na sehemu kubwa ya uchumaji, uchambuaji na uanikaji hufanywa na wanawake. Lakini daftari la wanachama wa AMCOS mara nyingi lina jina la mwenye shamba, ambaye ni baba, na mjumbe wa mkutano hutoka katika daftari hilo. Matokeo yake, tunapopeleka mapendekezo, suala la bei ya mnada hujaza kurasa, ilhali suala la nani anapokea malipo, na yanapoingia benki yanaingia kwenye akaunti ya nani, halipati hata aya. Baadhi yetu tunashauri mume na mke waandikishwe wote wawili kama wanachama na mauzo yagawanywe katika akaunti mbili. Hilo halihitaji waziri wala Bunge. Linaweza kuwekwa kwenye ajenda ya mkutano mkuu ujao wa AMCOS yoyote ya Mbozi, Ileje, Rungwe au Mbeya Vijijini, na mpaka sasa wanaolipinga kwa nguvu zaidi ni sisi wakulima wenyewe.